Namna ya Kuijengea Maktaba Uungwaji Mkono wa Umma

Ukimuuliza mtu yeyote kama maktaba ina faida, atakujibu kuwa inayo. Diwani atasema hivyo, mzazi atasema hivyo, na hata yule ambaye hajakanyaga maktaba tangu alipomaliza shule atasema hivyo. Lakini bajeti inapobana, fungu la maktaba huwa miongoni mwa yale yanayokatwa mapema, na wote waliokuwa wakiisifu hunyamaza. Kuipenda maktaba na kuwa tayari kuigharimia ni mambo mawili tofauti, na kazi ya utetezi ni kuwahamisha watu kutoka la kwanza hadi la pili. Kazi hiyo ina hatua zake na majira yake, na kwa sehemu kubwa haifanyiki ndani ya maktaba wala haifanywi na wakutubi peke yao.

Mwaka 2008 shirika la OCLC, ambalo huunganisha maktaba za nchi nyingi, lilichapisha utafiti uliofanywa Marekani kuhusu wapigakura na fedha za maktaba. Mtu angetarajia kuwa mtetezi mkubwa wa maktaba ni yule anayeitumia kila wiki. Utafiti ulionyesha kwamba kuitembelea maktaba mara kwa mara kuna uhusiano mdogo tu na utayari wa kuichangia. Waliokuwa mstari wa mbele kuiunga mkono ni wale walioamini kwamba maktaba hubadilisha maisha ya watu, hata kama wao wenyewe hawakuwa watumiaji wakubwa, na waliomwona mkutubi wao kuwa mtu mwenye ari na anayejihusisha na mambo ya jamii.

Maana yake kwa mtetezi ni kwamba bango lililobandikwa kwenye ukuta wa chumba cha kusomea halitoshi, kwa sababu linasomwa na watu waliokwisha kuingia. Ujumbe unapaswa kumfikia mfanyabiashara, mstaafu, na mzazi ambaye watoto wake wamekwisha kukua na kuondoka nyumbani. Kwa watu hao idadi ya vitabu vilivyo rafuni haina mguso wowote. Kinachowagusa ni habari ya kijana aliyepata mahali patulivu pa kusomea hadi akafaulu mtihani, au ya mtu aliyepoteza kazi akasaidiwa kuandika maombi mapya, yaani habari ya jambo lililotokea nje ya maktaba kwa sababu maktaba ilikuwepo.

Jua nani anaamua, na lini

Kabla ya kuandika barua hata moja, tafuta majibu ya maswali machache: maktaba yako ipo kwa mujibu wa sheria gani, nani anaidhinisha fedha zake, nani anapendekeza kiasi cha fedha hizo kabla hakijafika kwa anayeidhinisha, na pendekezo hilo huandikwa mwezi gani. Majibu hutofautiana sana kutoka nchi hadi nchi. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1964 inazibana halmashauri za England na Wales kutoa huduma ya maktaba iliyo kamili na yenye ufanisi, kwa hiyo mtetezi wa huko anaweza kuzikumbusha halmashauri wajibu wao wa kisheria. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inazitaja maktaba katika orodha ya majukumu ya serikali za kaunti, na anayepeleka malalamiko yote kwa serikali kuu huenda akawa anapiga hodi mlango usio wake. Mahali ambapo sheria ya nchi iko kimya, Ilani ya UNESCO kuhusu maktaba za umma, iliyotolewa mwaka 1949 na kuandikwa upya mara kadhaa, toleo la karibuni likiwa la mwaka 2022 ambalo UNESCO iliandaa pamoja na shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, ni andiko la kushikilia. Ilani hiyo inasema wazi kuwa maktaba ya umma ni jukumu la mamlaka za mitaa na za taifa, na kwamba kimsingi huduma zake ziwe za bure. Haina nguvu ya sheria, lakini kiongozi hupata taabu kuipinga hadharani.

Baada ya sheria, kuna kalenda. Bajeti haizaliwi siku ya kikao cha kuipitisha. Makisio hukusanywa miezi mingi kabla, hujadiliwa na maofisa wa fedha, hupunguzwa, kisha ndipo hufika kwa wawakilishi ambao mara nyingi hubadilisha mambo madogo tu. Anayejitokeza na mabango siku ya kikao cha mwisho amekuta jamvi limekwisha kukunjwa. Andika tarehe za mzunguko mzima wa bajeti, hesabu kurudi nyuma, na upange shughuli zako zote zitangulie siku ambayo makisio ya kwanza yanapelekwa. Wakutubi wa kimataifa walifanya vivyo hivyo katika ngazi ya juu kabisa: IFLA ilizindua tamko lake kuhusu upatikanaji wa taarifa mjini Lyon mwaka 2014, likasainiwa na mamia ya taasisi wakati majadiliano bado yanaendelea, na Umoja wa Mataifa ulipopitisha malengo 17 ya maendeleo endelevu mwezi Septemba 2015, upatikanaji wa taarifa kwa umma ulikuwa umeingizwa katika shabaha ya 16.10. Tamko hilo lingetoka mwaka mmoja baadaye, lingekuwa karatasi tu.

Andaa pia daftari la waamuzi. Kwa kila mmoja weka cheo chake, mambo anayoyavalia njuga, watu anaowasikiliza, na tarehe mliyozungumza naye mara ya mwisho. Usiwaweke wanasiasa peke yao. Mhasibu anayeandaa rasimu, katibu wa kamati anayepanga ajenda na ofisa mipango ni watu ambao majina yao hayatajwi katika hotuba, lakini wanaweza kuiweka maktaba ndani ya karatasi au kuiacha nje bila mtu yeyote kugundua. Kwa maoni yangu, saa moja pamoja na mhasibu huyo inafaa kuliko mikutano kadhaa ya hadhara.

Ushahidi

Takwimu za kawaida za maktaba, yaani idadi ya walioingia, vitabu vilivyoazimwa na wanachama wapya, zina kasoro moja: hazijibu swali la mwamuzi, ambalo ni kwamba zinamsaidia nini yeye na watu wake. Ukisema watu elfu nne waliingia mwezi uliopita, atatikisa kichwa na kuendelea na ajenda inayofuata. Chagua vipimo vichache vinavyogusa mambo ambayo tayari ameyaahidi kwa wananchi. Akiwa ameahidi elimu, mpe hesabu ya wanafunzi wanaojisomea hapo majira ya mitihani na shule wanazotoka. Akiwa ameahidi ajira, mpe hesabu ya waliokuja kutafuta nafasi za kazi na kuandaa barua za maombi.

Kipimo ambacho husahaulika, na ambacho ndicho chenye nguvu kuliko vyote, ni mahitaji yasiyotimizwa. Ni watu wangapi walirudi nyumbani kwa kukosa kiti? Ni vitabu gani viliulizwa na havikuwapo? Ni wangapi walikuta mlango umefungwa kwa sababu saa za kazi zimepunguzwa? Maktaba nyingi hazina kumbukumbu ya mambo haya kwa kuwa hesabu zake huanza pale huduma inapotolewa, na aliyekosa huduma haachi alama yoyote. Weka karatasi kwenye meza ya mapokezi kwa wiki mbili za kawaida, zisiwe za likizo wala za mitihani, na kila anayekosa kitu aandikwe bila jina lake. Karatasi hiyo itakuwa na thamani kubwa siku mtu atakapodai kuwa watu hawasomi tena.

Fanya pia hesabu ya gharama kwa kila mkazi. Chukua bajeti ya mwaka ya maktaba, igawe kwa idadi ya wakazi wa eneo inalolihudumia, kisha uweke jibu hilo kando ya mafungu mengine ya bajeti hiyohiyo. Mara nyingi kiasi kinachotokea ni kidogo hata wanaokiidhinisha hushangaa. Ziko pia tafiti za kiuchumi zinazokadiria faida inayorudi kwa kila fedha inayotumika; Maktaba ya Uingereza (British Library), ambayo ni maktaba ya taifa la huko, kwa mfano, ilitangaza mwaka 2004 kwamba kila pauni moja ya fedha za umma iliyopewa ilizalisha pauni 4.40 katika uchumi wa nchi. Takwimu za namna hiyo zinafaa katika andiko la kurasa nyingi linalokwenda wizarani. Kwa diwani wa kata hazina uzito, na ukihamisha kipimo cha maktaba ya taifa ukakibandika kwenye maktaba ndogo ya mtaani, mtu mwenye akili ya hesabu atakuaibisha mbele ya kikao.

Pamoja na namba, kusanya masimulizi. Simulizi nzuri ya utetezi ni fupi: mtu huyu alikuwa na tatizo hili, maktaba ikafanya hivi, na leo mambo yako hivi. Iwe ya kweli, isitiwe chumvi, na mwenyewe awe ameridhia kwa maandishi itumike, akijua itasemwa wapi. Hapa pana mpaka ambao mkutubi hapaswi kuuvuka hata kwa nia njema: kumbukumbu za kile mtu alichoazima au alichokitafuta ni siri yake. Usichukue simulizi kutoka katika daftari la kuazimisha. Ichukue kutoka katika kinywa cha mwenyewe. Kwa watoto, ridhaa ya mzazi au mlezi ni sharti, na picha zao zisitumike ovyo.

Ombi moja

Andika ukurasa mmoja, usizidi. Juu kabisa weka ombi lenyewe kwa sentensi moja ambayo mtu anaweza kuinakili katika kumbukumbu za kikao: kiasi gani, kwa ajili ya nini, kuanzia lini, kutoka fungu gani. Chini yake weka sababu mbili au tatu, simulizi moja, na jina la mtu wa kuwasiliana naye. Ombi la kuomba serikali iithamini maktaba si ombi, kwa sababu mwamuzi anaweza kulikubali kwa moyo mkunjufu na asifanye chochote. Ombi la kurejesha saa za jioni kwa siku tatu za wiki kuanzia mwaka wa fedha ujao linamlazimu aseme ndiyo au hapana.

Sababu unazozitoa zifuate hofu na matumaini ya msikilizaji, hata kama si hizo zinazokusukuma wewe. Sheria ya kwanza ya maktaba za umma nchini Uingereza, ya mwaka 1850, ilisukumwa na mbunge William Ewart akisaidiwa na Edward Edwards, aliyeanza maisha akiwa fundi mwashi mwanagenzi na baadaye akafanya kazi ya maktaba katika British Museum. Edwards alikusanya takwimu za maktaba za nchi za Ulaya na kuzipeleka mbele ya kamati ya Bunge, na wapinzani walikosoa baadhi ya hesabu zake vikali, jambo linaloonyesha kwa nini namba zihakikiwe mapema. Bungeni, wapinzani walihofia kodi mpya na kuhofia kuwa kusoma kungewachochea wafanyakazi. Waungaji mkono hawakupoteza muda kusifu fasihi. Walijibu kwamba maktaba ni njia ya bei nafuu ya kudumisha utulivu na kupunguza uhalifu. Hoja hiyo haipendezi masikioni mwa mkutubi wa leo, wala mimi siipendi, lakini ndiyo iliyowafaa watu waliokuwa na kura.

Sheria hiyo ina funzo jingine. Iliziruhusu halmashauri za miji yenye watu wasiopungua 10,000 kutoza kodi ya nusu peni tu kwa kila pauni ya thamani ya mali, baada ya theluthi mbili ya walipa kodi waliopiga kura kukubali, na fedha hizo hazikuruhusiwa kununulia vitabu. Maktaba bila vitabu! Hata hivyo watetezi waliipokea, wakajenga juu yake, na mwaka 1855 kiwango kikapandishwa hadi peni moja na ununuzi wa vitabu ukaruhusiwa. Unapopewa nusu ya ulichoomba, pokea, shukuru, na uandike palepale tarehe ya kurudi.

Sauti zisizo za wakutubi

Mkutubi akidai fedha zaidi za maktaba, anaonekana anatetea mshahara wake. Mwalimu, daktari, fundi au mama muuza duka akidai kitu hichohicho, anasikilizwa kwa namna nyingine. Kwa sababu hiyo msingi wa utetezi ni kikundi cha marafiki wa maktaba kilichosajiliwa, chenye katiba fupi, mwenyekiti asiye mtumishi wa maktaba, na akaunti yake yenyewe. Kuna sababu nyingine ya kutenganisha mambo haya: katika nchi nyingi watumishi wa umma wamewekewa mipaka kuhusu kufanya kampeni au kuzungumza na vyombo vya habari bila idhini. Mkutubi anaweza kutoa takwimu na kufafanua huduma. Kudai, kushinikiza na kulaumu kuachiwe wakazi. Zisome kanuni za utumishi za mahali pako kabla hujamweka mtu hatarini.

Vikundi vingi vya marafiki hufa kwa sababu vimepewa kazi za kuuza vitabu vikuukuu na kupamba ukumbi, na siku ya siku havijui hata jina la katibu wa kamati ya fedha. Tangu mwanzo kikundi kiwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kufuatilia vikao na kusoma ajenda, mwingine wa kuandika, na mwingine wa kuwaunganisha washirika. Kuwe pia na makubaliano ya wazi kuhusu kujitolea. Watu wa kujitolea wanaosoma hadithi na watoto au kupanga vitabu ni baraka, lakini wakianza kukalia meza ya mkutubi aliyeondolewa, halmashauri itaona kuwa mambo yanakwenda bila mshahara, na nafasi hiyo haitarudi.

Washirika watafute mbali na ulimwengu wa vitabu. Mkataba wa Marrakesh uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika tarehe 30 Septemba 2016, ambao unaruhusu vitabu kunakiliwa katika miundo inayosomeka na wasioona bila kikwazo cha haki za watunzi, ulipiganiwa na muungano wa kimataifa wa wasioona na maktaba zikawa bega kwa bega nao. Maktaba peke yao zingezungumzia hakimiliki kwa miaka mingi bila kusikilizwa. Wasioona walizungumzia njaa ya vitabu, na wajumbe wakaelewa. Katika ngazi ya mtaa washirika wa namna hiyo ni vyama vya watu wenye ulemavu, kamati za wazazi, vikundi vya wajasiriamali, viongozi wa dini, wahudumu wa afya ya jamii na vyama vya wastaafu. Usiwaombe waisaidie maktaba kwanza. Waulize wao wanahangaika na nini, tafuta ambacho maktaba inaweza kukifanya katika hilo, kifanye, halafu ndipo uwaombe waje kusimama nawe. Hatua hii huchukua muda mrefu kuliko nyingine zote na hakuna njia ya mkato.

Ana kwa ana na mwamuzi

Omba miadi ukiwa hujafikwa na janga lolote. Mwaliko wa kwanza uwe wa kuja kuona, na uchague saa ambayo ukumbi umejaa, isiwe asubuhi tulivu ambayo viti vitupu vitatoa ushahidi dhidi yako. Mpe mgeni kazi ndogo ya kufanya, kama vile kuwasomea watoto au kukabidhi vyeti, kwa sababu kiongozi aliyepigwa picha akiwa anafanya jambo katika maktaba ana kumbukumbu nayo, na wapigakura wake wanayo pia.

Mnapokwenda ofisini kwake, nendeni watatu: mkazi wa eneo lake la uchaguzi ndiye aongoze mazungumzo, mshirika kutoka taasisi nyingine athibitishe, na wa tatu aandike. Kubalianeni kabla nani atatamka ombi lenyewe, maana ni kawaida watu kuzungumza nusu saa kwa adabu kubwa na kutoka bila mtu yeyote kulitamka. Ombi likishatamkwa, nyamazeni na mmwache ajibu. Akiuliza jambo msilolijua, semeni mtalileta, na mlilete ndani ya siku mliyoahidi. Uaminifu huo mdogo hujenga sifa kuliko hotuba. Siku inayofuata tuma barua ya shukrani yenye kutaja kile alichokiahidi, kwa maneno yaleyale aliyoyatumia.

Utakutana na hoja tatu zilezile kila uendako. Ya kwanza ni kwamba kila kitu kipo kwenye intaneti. Usibishane kuhusu utukufu wa karatasi. Uliza nani analipia intaneti hiyo, nani hana kifaa, na nani anamsaidia mtu kutofautisha taarifa ya kweli na uzushi, kisha uonyeshe kuwa kwa watu wengi maktaba ndiyo mlango wa kuingilia huko. Ya pili ni kwamba watu hawasomi siku hizi; toa karatasi yako ya mahitaji yasiyotimizwa. Ya tatu ni nzito zaidi: kwamba fedha hizo zinahitajika hospitalini. Hapo usithubutu kushindana na mgonjwa, kwa sababu utashindwa na utastahili kushindwa. Rudi kwenye hesabu ya gharama kwa kila mkazi, onyesha kwamba kuikata maktaba hakutajenga hata wodi moja, na kama una mshirika wa afya anayetumia ukumbi wa maktaba kutoa elimu kwa wajawazito, huo ndio wakati wake wa kuzungumza.

Umma na vyombo vya habari

Mwanahabari anataka tukio, mtu na picha. Taarifa inayosema maktaba ina umuhimu katika jamii haichapishwi. Taarifa inayosema wanafunzi wamesomea nje chini ya taa ya barabarani kwa sababu maktaba hufungwa jioni, pamoja na mwanafunzi aliye tayari kuzungumza, itachapishwa, mradi iwe kweli. Redio za kijamii zisidharauliwe, kwa kuwa zinawafikia wale wasioingia maktaba. Mitandao ya kijamii inafaa kwa kuwaita watu waliokwisha kujipanga. Haijengi kikundi kisichokuwapo.

Saini za malalamiko ni nzuri zikiwa na anwani, maana mwakilishi huangalia kwanza ni ngapi zinatoka katika eneo lake. Tukio la hadhara nalo liwe na maana inayosomeka kwa jicho. Mwezi Januari 2011 wakazi wa Stony Stratford nchini Uingereza, maktaba yao ilipotishiwa kufungwa, waliazima vitabu vyote, takriban 16,000, kila mmoja akichukua kiwango cha juu alichoruhusiwa kwa kadi yake, hadi rafu zikabaki tupu. Hawakuvunja sheria yoyote, hawakumtukana mtu, na picha ya rafu tupu ilieleza kila kitu. Mwaka huohuo katika mji wa Troy, jimbo la Michigan nchini Marekani, ambako mjadala ulikuwa umetekwa na wapinzani wa kodi, watetezi walisimamisha mabango yaliyojifanya kuwaalika watu kwenye sherehe ya kuchoma vitabu baada ya maktaba kufungwa. Hasira ya mji mzima iligeuza mazungumzo kutoka kodi kwenda vitabu, na mwezi Agosti kura ya kuigharimia maktaba ikapita. Mbinu hii ya pili siipendekezi kwa kila mtu: kejeli inaweza kueleweka vibaya, na siku ukweli ukifichuka, baadhi ya watu watahisi wamedanganywa. Cha kuiga ni kule kutambua kwamba anayechagua mada ya mjadala ana nafasi kubwa ya kuushinda.

Tangazo la kufunga likishatoka

Omba mara moja, kwa maandishi, nyaraka za uamuzi: andiko lililopelekwa kwenye kikao, hesabu zilizotumika, na tathmini ya athari kwa watoto, wazee na watu wenye ulemavu kama ilifanyika. Mwezi Novemba 2011 Mahakama Kuu ya Uingereza ilibatilisha maamuzi ya halmashauri za Gloucestershire na Somerset ya kupunguza huduma za maktaba, na kiini cha hukumu kilikuwa kwamba halmashauri hizo hazikuwa zimetimiza wajibu wao wa kuzingatia watu walio katika mazingira magumu. Kesi hiyo haikusema kuwa maktaba haiwezi kufungwa kamwe. Ilisema utaratibu ufuatwe. Tafuta mwanasheria mapema, kwa sababu muda wa kupinga uamuzi wa mamlaka ya umma huwa mfupi. Wakati huohuo muwe na pendekezo mbadala lenye namba, kama vile kupunguza gharama za jengo kwa kulitumia pamoja na huduma nyingine, ili msionekane kuwa watu wa kukataa tu.

Baada ya kupata

Andrew Carnegie, tajiri wa viwanda vya chuma wa Marekani, aligharimia maktaba zaidi ya 2,500 kati ya mwaka 1883 na 1929, na kwa kawaida aliuwekea mji masharti: utoe kiwanja, na uahidi kutenga kila mwaka kiasi kisichopungua asilimia kumi ya gharama ya ujenzi kwa ajili ya uendeshaji. Iko miji iliyoikataa fedha yake kwa sababu ya ahadi hiyo. Mfadhili huyo alielewa jambo ambalo wengi hulisahau katika furaha ya kukata utepe, kwamba jengo hupatikana mara moja lakini mishahara, umeme na vitabu vipya hudaiwa kila mwaka. Kwa hiyo fungu la uendeshaji lidaiwe katika azimio lilelile linaloidhinisha ujenzi, likiwa na jina lake na msimbo wake katika vitabu vya hesabu, si ahadi ya mdomo.

Katika miezi sita ya kwanza baada ya fedha kutoka, peleka kwa kila aliyekuunga mkono taarifa ya ukurasa mmoja inayoonyesha kilichofanyika, pamoja na yale yaliyochelewa na sababu zake. Waalike waliopinga pia, bila kuwakumbusha kuwa walipinga. Kisha ufuatilie matumizi, kwa kuwa fungu lililopitishwa linaweza kuhamishwa katikati ya mwaka bila kelele, na mtu wenu wa kusoma ajenda ndiye atakayeliona. Uchaguzi ukipita, daftari la waamuzi liandikwe upya ndani ya mwezi wa kwanza, na mialiko ya kuja kuona itumwe kwanza kwa wapya ambao hawajatoa kauli yoyote kuhusu maktaba, kabla wengine hawajawafikia na orodha ya mafungu yanayofaa kukatwa.